Jina Kwenye Sanduku

Mtu akikuambia kwamba mwanamke msomi hatetemeki, mwambie hakumwona Shamsa asubuhi ile ya Alhamisi. Huyu ndiye Dakta Shamsa aliyepata kusimama mbele ya maprofesa watano, wanaume watupu, akaitetea tasnifu yake kwa saa tatu na kunywa maji mara moja tu. Ndiye aliyeandika vitabu viwili juu ya wanawake na ardhi, akaitwa kila jina magazetini na vibarazani, na majina yote akayabeba bila kuinamisha shingo. Lakini aliposhuka garini pale Malindi, hii Malindi yetu ya milimani juu ya Lushoto, akamwona Twaha amesimama peke yake mwanzo wa njia inayoteremka bondeni, funguo za gari zilimponyoka mkononi. Akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Ukungu ulikuwa haujainuka. Twaha alikuwa amevaa koti lake la kijani lililochakaa viwiko, mikono mifukoni. Siku nyingine angekwisha kumtania toka mbali, kwamba daktari amefika na wagonjwa wamekimbia, kisha angeupokea mkoba na kulalamika kuwa vitabu ni vizito kuliko kabichi. Leo hakumtania, na mkoba hakuupokea.

"Umeamkaje, Twaha?"

"Nimeamka."

Shamsa aliyatazama macho yale aliyoyazoea, akaona kwamba hayakulala. Alitamani kuunyoosha mkono amguse shavu, na hakuthubutu.

Miaka miwili nyuma, gari lake lilizama matopeni katika barabara ya Lukozi wakati wa masika. Madereva watatu walimpita. Wa nne alikuwa Twaha, mkulima wa kabichi na karoti, mgane aliyefiwa na mkewe miaka mitano kabla, ana pikapu kuukuu na kamba ndefu. Alilivuta gari, akakataa chai ya shukrani, akauliza tu mgeni amefuata nini huku juu. Shamsa akamwambia: anaandika kitabu juu ya wanawake wa milima hii na mashamba waliyoyalima bila kuyamiliki. Wanaume wengi wakisikia hivyo ama hucheka ama huanza kubishana. Twaha alifikiri kidogo, akasema, "Basi kamsikilize mama yangu. Ana maneno, hajapata wa kuyapokea."

Mapenzi yakaanzia hapo. Shamsa alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na mlango wa moyo alikwisha kuufunga tangu ujana, pale mchumba wake wa Tanga alipomwambia achague baina ya masomo na tarehe ya harusi. Alichagua masomo na akakaa na uchungu wake. Twaha aliupitia mlango ule bila hata kubisha hodi, na Shamsa alipogundua, jamaa alikuwa ndani, amekaa.

Ndugu hawakukosa la kusema. Khalfani, kaka yake Shamsa, ambaye ndiye aliyebaki mahali pa baba yao, aliuliza kama usomi wote ule ulikuwa wa kumpelekea mtu wa darasa la saba. Athumani, baba mdogo wa Twaha, alisema mwanamke anayemzidi mume miaka miwili na vitabu viwili hakaliki naye. Ilichukua miezi mingi ya kubembeleza pande zote. Mwishowe wakakubali, na Jumapili ya wiki ile Athumani angewaongoza wazee kupeleka barua ya posa kwa Khalfani, Lushoto mjini.

Ndipo Shamsa akafanya kosa.

Kazi yake ilikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja kwa miaka ishirini. Mwanamke akishampa maneno yake, maneno yale yalirudi kwake kwanza, akasomewa kwa sauti kabla hayajaonwa na jicho lolote, na akitaka kuyafuta aliyafuta. Sheria hiyo ndiyo iliyomfungulia majiko ya watu toka Zirai mpaka Malindi. Jumatatu Twaha alimwomba, kwa sauti ile anayoijua mwenyewe, amwonyeshe jinsi mama yake alivyoandikwa. Shamsa, kwa kulewa mapenzi, akampa kurasa zote kumi na moja. Mama mwenyewe alikuwa hajasikia hata mstari. Jumatano usiku Twaha alimpigia simu, akasema tu aje kesho yake juu ya kurasa zile, akakata.

"Nilimpelekea baba mdogo zile karatasi," Twaha alisema pale njiani.

Shamsa alihisi baridi ya ukungu ikimwingia kifuani.

"Nilitaka aniambie ni uongo, Shamsa. Nilimwomba aseme ni uongo. Hakusema. Aliniambia nichague." Akatazama bondeni. "Kurasa zile zikitoka kitabuni, Jumapili anakwenda kwa kaka yako. Zikibaki, haendi yeye wala mzee yeyote wa kwetu, na bonde alilonipa nilime nilirudishe mikononi mwake."

"Jina la mama sikuliandika. Nililificha."

"Umeandika mpea wenye mashina matatu kando ya mfereji. Mpea wa namna hiyo uko mmoja Malindi nzima. Hata mbuzi wanaujua."

Ilikuwa kweli. Alificha jina la mtu na kuuacha mti wake, akasahau kwamba huku watu hutambulishana kwa mashamba.

Twaha alimweleza mengine kwa sauti ya chini. Athumani ndiye aliyempeleka jandoni, ndiye aliyesimama kwenye ndoa yake ya kwanza, ndiye aliyemfundisha kushika jembe. Miaka thelathini na minne amekula mkononi mwa mtu yule. Sasa kila tonge alilolikumbuka lilimkwama kooni, na hakujua amkasirikie nani.

"Zitoe, Shamsa," akasema. "Nakuomba. Kurasa kumi na moja tu. Nikuoe, tukae."

Tuseme ukweli, maana huyu ni mwanamke na si sanamu: alikwisha kulifikiria hilo garini, njia nzima. Kitabu kilikuwa na kurasa mia mbili na zaidi. Kingekwenda kwa mchapishaji Jumamosi, na nani angejua kwamba sura moja imepungua? Alimpenda mwanaume huyu kwa namna iliyomtisha. Aliwaza juu ya asubuhi zote ambazo angeamka akamkuta pembeni, na machozi yakamlenga.

"Nikizitoa, utakuwa umemwoa nani?" aliuliza.

Twaha akageuza uso.

"Zile kurasa si zangu," Shamsa akaendelea. "Zingekuwa zangu ningekupa uzichome. Mwenyewe yuko pale nyumbani kwenu. Twende tukamuulize."

Bi Mwanaisha, mama yake Twaha, alikuwa amekaa kwenye kigoda ukumbini, ungo wa maharage mapajani, anayapukuchua. Alikuwa mama mfupi, mwembamba, wa miaka sitini na minane, mwenye macho yanayosikia kuliko masikio. Shamsa akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmegombana," alisema, wala halikuwa swali. Akamwambia mwanawe neno moja la Kishambaa, na Twaha akakaa kwenye mkeka karibu na mlango.

Shamsa hakutaka kuzungukazunguka. Alieleza kosa lake lote: kwamba maneno ya mama yalisomwa na Twaha kabla ya mama mwenyewe, na toka kwa Twaha yakafika kwa Athumani, naye ametoa sharti juu ya posa na bonde. Vidole vya Bi Mwanaisha viliendelea na maharage kwa muda, kisha vikasimama.

"Uliniambia maneno yangu yatarudi kwangu kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuamini kwa ajili ya hilo. Sikukuamini kwa usomi wako."

"Nimekukosea, mama. Sina la kujitetea."

Amesemwa na wengi, Shamsa, lakini hakuna neno lililowahi kumwingia kama lile. Alikaa na aibu yake. Bi Mwanaisha alimwacha akae nayo, kisha akausogeza ungo kando.

"Haya, soma."

Shamsa akafungua mswada. "Bi M., mkulima, mwenye umri wa miaka sitini na minane—"

"Ni nani huyo?"

"Ni wewe, mama. Nilificha jina usije ukadhurika."

Bi Mwanaisha aliwaza. Uso wake haukuonyesha hasira, ulionyesha uchovu. Akaelekeza kidevu kwa mwanawe. "Mpe huyo asome."

Twaha alisema amekwisha kuzisoma. Mama akamjibu kwamba alisoma kwa macho, na yeye kwa macho hakusikia kitu. Basi Twaha akazipokea karatasi kwa mikono iliyojaa udongo wa bondeni, akasoma. Alisoma jinsi mama yake na baba yake walivyolikata bonde ngazi kwa ngazi, mama akibeba mawe kichwani na mimba tumboni. Akasoma juu ya mpea walioupanda siku alipozaliwa yeye. Akasoma kifo cha baba yake, na eda ya miezi minne na siku kumi, na asubuhi mama alipotoka eda akakuta shemeji yake na wanaume watatu wamekaa ukumbini na karatasi.

"Wakaniambia karatasi hii ni ya kumtunzia mtoto shamba," Twaha alisoma. "Sikujua kusoma. Shemeji alinishika mkono, akakichovya kidole gumba changu kwenye wino, akakibandika. Msimu uliofuata nilikwenda bondeni nikakuta mtu mwingine analima. Niliambiwa nimekwisha kuliachia. Sikupiga kelele. Mwanangu alikuwa na miaka saba, na mtoto asiye na baba anahitaji ukoo. Nikanyamaza ili..."

Hapo akashindwa. Akazishusha karatasi mapajani. Shamsa alimwona mtu mzima akigeuka mtoto wa miaka saba mbele yake, na ilimbidi aibane mikono yake mwenyewe isiende kumkumbatia mbele ya mama.

"Ili mwanangu asikose mahali pa kuzikwa," Bi Mwanaisha alimalizia mwenyewe, taratibu. "Ndivyo nilivyosema. Ameandika sawasawa."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie ufanye nini? Ulikuwa unampenda. Naye alikulea vizuri, hilo silifuti. Liandike na hilo, Shamsa, kwamba alimlea mtoto vizuri. Lakini mawe niliyabeba mimi." Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. "Nilinyamaza kwa ajili yako ulipokuwa na miaka saba, mwanangu. Sasa una mvi."

Kisha mama akamgeukia Shamsa, akamwambia anataka jambo moja tu. Hataki kuitwa herufi. Siku ile ya wino hakuna aliyemwita kwa jina, waliandika mjane wa fulani, basi. Kama maneno ni yake, yaandikwe na jina lake, lote.

Shamsa alijaribu kumweleza hatari yake, kwa heshima, maana huo nao ulikuwa wajibu. Bi Mwanaisha alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kama amemaliza.

Ikabaki fomu ya ridhaa, ambayo mchapishaji hakubali kitabu bila hiyo. Shamsa aliitoa mkobani pamoja na kile kidau cha wino anachotembea nacho kwa ajili ya wasiojua kuandika. Mama alipokiona akaurudisha mkono nyuma kwa haraka, akaufumbata kifuani. Kwa mara ya pili siku ile Shamsa alitamani ardhi immeze. Ameandika kurasa nzima juu ya wino ule, na bado akauleta.

"Kidole hiki hakibandiki tena kitu," mama alisema. "Nipe kalamu."

Aliwaita chumbani. Chini ya dirisha lilikuwapo sanduku la mbao, kubwa, la tangu harusi yake. Marehemu mumewe alilitengenezesha kwa fundi wa Lushoto, na juu ya kifuniko fundi akapaka kwa rangi nyekundu herufi kubwa tisa: MWANAISHA, na baada ya herufi ya mwisho akaweka ua la petali tano, kwa kupendezesha tu. Rangi ilikuwa imefifia katikati ya kila herufi. Shamsa alielewa alipouona mkono wa mama ukipita pale. Miaka thelathini na minne, kila alipofungua sanduku kutoa khanga, Bi Mwanaisha alilifuata jina lake kwa kidole.

Alipiga magoti, akaiweka fomu juu ya sanduku, akaandika. Alikwenda polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, akiinua macho kwenye kifuniko kwa kila herufi. Alipoifikia A ya mwisho hakuiweka kalamu chini. Akachora ua, petali moja moja, mpaka zikatimia tano.

Twaha alifungua kinywa aseme kwamba ua si herufi. Shamsa akamshika mkono wa koti, na yeye akakifunga.

"Hapo chini panataka shahidi," Shamsa alisema, akijua anachokiomba.

Twaha aliichukua fomu. Nje, maji ya mfereji yalisikika yakiteremka kwenye kabichi zake.

"Ukiandika hapo, bonde limekwenda," mama yake alimwambia. "Na mke labda amekwenda."

"Najua, mama."

Akaandika jina lake chini ya ua, akamrudishia Shamsa kalamu bila kumtazama, akatoka. Shamsa alimsubiri kwa saa nzima kando ya gari. Hakurudi.

Ijumaa Athumani alipojua kwamba kurasa zinabaki aliufunga mfereji wa bondeni, na habari zilifika Lushoto kabla ya sala ya mchana. Jumamosi Shamsa alituma mswada, kurasa zote, na jina lote, na mstari mmoja zaidi unaosema mtoto alilelewa vizuri. Simu ya Twaha haikuita. Alijiambia kwamba amefanya la haki. Neno haki ameliandika labda mara elfu maishani mwake, na hakujua kwamba linaweza kuuma hivi.

Jumapili alimwomba kaka yake asisubiri mtu. Khalfani, mbishi kama marehemu baba yao, akasema wazee wawili wameshaalikwa na chai imeshapikwa, kwa hiyo watakaa. Shamsa naye akakaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka, yeye aliyewahi kuandika kurasa arobaini juu ya mapazia. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu.

Ikasikika hodi, na sauti ilikuwa ya mwanamke.

Aliposogea kwenye upenyo wa pazia alimwona Bi Mwanaisha mlangoni, amejifunga khanga mpya zenye mikunjo ya sandukuni, na jirani yake Mwajuma nyuma yake. Nje, pikapu kuukuu. Twaha amesimama karibu nayo, koti la kijani limefuliwa.

"Karibu, mama," Khalfani alisema, akichungulia nyuma yao. "Wanaume wako wapi?"

"Mmoja yuko pale nje, ndiye anayeoa. Wa pili amekataa kuja. Wa tatu yuko kaburini, na huyo angenituma mwenyewe."

Wazee walitazamana. Mmoja akasema kwa upole kwamba barua ya posa huletwa na wanaume, ndivyo ilivyo siku zote.

"Nafahamu, baba," Bi Mwanaisha alijibu. "Iko karatasi nyingine niliyoletewa na wanaume, nikashikwa mkono nikabandika kidole. Hii nimeileta mimi. Mwanangu hana bonde tena, nisije nikawaficha. Ana mikono, na anampenda binti yenu. Mkikataa, nitarudi na barua yangu."

Shamsa alilishika pazia. Angeweza kutoka, akasema neno, yeye ambaye maneno ndiyo kazi yake, lakini alijua kwamba hapa pana mwenye maneno na si yeye.

Kisha kiti kikaburutwa sakafuni.

"Shikamoo, mama," alisema Khalfani. "Kaa."

Baadaye kidogo pazia likafunguliwa. Khalfani alisimama pale, bahasha mkononi. Barua ya posa husomwa na kaka, mbele ya wazee, na binti huletewa habari tu. Khalfani akamnyooshea.

"Isome wewe mwenyewe," akasema. "Miwani yangu sijui nimeiweka wapi."

Miwani ilikuwa usoni pake. Shamsa akaipokea bahasha, akaigeuza kuona aliyeituma. Zilikuwapo herufi tisa kubwa, zilizoandikwa kwa taabu, na baada ya ile ya mwisho, ua la petali tano.

Akalia pale pale, mbele ya kaka yake, mbele ya wazee, na hakujifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.